Shiti ya Akriliki: Usinunue kwa Bei, Nunua kwa Kazi

Leo naongea na nyie mnaouza vibao vya Lipa Namba, topa za keki, vishikio vya funguo na zawadi za majina. Mimi niko Ruaha Mbuyuni, hapa barabarani mabasi ya Dar na Mbeya yanapopita. Wenzangu wengi wanauza vitunguu, mimi nauza vibao. Sikusomea, nimejifunzia kwenye hasara.

Mwaka wangu wa kwanza nilipata oda ya vibao 40 vya Lipa Namba, mteja yuko Mikumi. Kila kimoja 12,000, akatanguliza nusu, 240,000. Nikaagiza shiti Dar, nikachagua iliyokuwa na bei ya chini. Fundi wa leza Iringa mjini akakata na kuchonga. Nikavifuta na spiriti ving'ae, nikatuma na basi. Jioni simu inaita: "Kaka, mbona namba hazionekani? Na hivi vimepasuka pembeni!" Nilirudisha 240,000 yote. Shiti ilishakatwa, na leza nilishalipia. Huo ndo ulikuwa mtaji.

Niliporudi kwa fundi akaniambia: "Dogo, hii siyo ya kumimina." Nikamwambia anieleweshe.

Kumbe akriliki ziko aina mbili, japo kwa macho zinafanana.

1. YA KUMIMINA
Inaanzia kwenye kimiminika kinaitwa MMA. Kiwandani wanapanga vioo viwili vikubwa, pembeni wanazungushia mpira unaoacha nafasi ya unene wanaoutaka, wanamimina katikati. Kinapashwa joto taratibu, masaa mengi, mpaka kigande. Shiti moja inakalia nafasi muda wote huo, ndo maana ni ghali. Faida yake: ukichonga na leza alama inatoka nyeupe, inasomeka vizuri.

2. YA KUSUKUMA
Punje za plastiki zinayeyushwa, zinasukumwa kupita kwenye mdomo mwembamba, zinabanwa na rola. Shiti inatoka mfululizo, hakuna kusubiri, bei inashuka. Unene wake uko sawasawa na kukunja kwa moto ni rahisi. Ila ukichonga, alama inabaki haina rangi, kama hujaandika kitu. Na ukishaikata kwa leza halafu ukaigusisha spiriti, inapasuka vinyufa haraka. Hilo ndo lililonikuta.

Kwa hiyo ya bei rahisi siyo mbaya. Kama kazi yako ni kubandika stika juu, chukua ya kusukuma. Kama ni kuchonga, chukua ya kumimina.

MBONA BEI HAITULII?
MMA inatokana na kemikali za mafuta ya petroli na gesi, kwa hiyo mafuta yakipanda na shiti inapanda. Tena nyingi zinatoka nje, hasa China, zinalipiwa kwa dola, kisha kuna meli, ushuru na VAT. Mwaka 2020 kipindi cha korona dunia nzima ilitaka vioo vya kukinga kaunta, shiti zikawa adimu na bei zikaruka. Usimpe mteja bei ya mwezi uliopita kabla hujapiga simu dukani.

HESABU YA KIPANDE
Shiti kamili ni futi 4 kwa 8, yaani sentimita 122 kwa 244. Ya milimita 3 ina uzito wa kilo 10 na nusu hivi. Tuseme umenunua 180,000 na usafiri 36,000, jumla 216,000. Kibao chako ni sentimita 15 kwa 25.

Ukilaza upande wa 25 kwenye urefu wa shiti unapata 9 kwa 8, vipande 72. Kila kimoja 3,000.
Ukigeuza unapata 16 kwa 4, vipande 64. Kila kimoja 3,375.

Shiti ni ile ile, hela imepotea kwa kupanga tu. Halafu toa vya kuharibika: vikifa 4 kati ya 72, kipande kinakuwa 3,176 hivi. Juu yake weka leza, stika, kufunga mzigo na basi, ndo uweke faida. Ule mkanda wa sentimita 19 unaobaki usitupe, tengenezea vishikio vya funguo.

KABLA HUJALIPA
- Muulize muuzaji: ya kumimina au ya kusukuma? Akibabaika, omba kipande kidogo.
- Kichonge kwa leza kwanza. Alama nyeupe, endelea. Haina rangi, rudisha.
- Usikate PVC kwa leza. Inatoa gesi ya sumu na inaila mashine ya watu.
- Safisha kwa maji, sabuni laini na kitambaa laini. Spiriti hapana.
- Karatasi ya juu usiibandue mpaka siku ya kumkabidhi mteja, inazuia mikwaruzo.

Yule mama wa Mikumi alirudi baada ya miezi kadhaa, akataka vibao 10 tu, ananijaribu. Safari hii nilimtumia kwanza picha ya kipande cha majaribio, akakubali, ndo nikakata. Sasa hivi sikati oda yoyote bila hiyo picha.