Upawa Unakwaruza

"Mjomba, kwani watu wa kanisani nao hugombana?"

Umeuliza vizuri, mpwa wangu. Ila umeuliza kwa kunong'ona, kama umeiba sukari. Usinong'one. Hugombana, tena sana. Hugombania kinanda. Hugombania sare za kwaya. Hugombania funguo za stoo! Na hawakuanza jana. Sogea karibu nikupe hadithi ya ugomvi wa zamani, iliyomo kwenye Matendo ya Mitume, sura ya 6. Mimi nitamwachia chungu aisimulie, maana jikoni ndiko mambo yalikoanzia.

"Mimi ni chungu," anasema chungu. "Chungu kikubwa cha Yerusalemu, karibu miaka 2,000 iliyopita. Kila siku napikiwa dengu. Kila siku wajane wanakuja na mabakuli yao. Wajane wa hapa wanasema Kiaramu. Wengine ni Wayahudi vilevile, ila wamekulia ng'ambo, nao wanasema Kigiriki. Mgawaji ni mtu wa hapa. Anawajua wa hapa kwa majina. 'Karibu mama, watoto hawajambo?' Anapakua, bakuli linajaa. Wale wa Kigiriki wako nyuma. Zamu yao ikifika, upawa unakwaruza chini: kwaru, kwaru. Kesho yake tena: kwaru, kwaru."

"Chungu, alifanya makusudi?"

"Mimi naona mikono, mjukuu wangu. Mioyo siioni. Lakini njaa haiulizi kama ni makusudi. Basi wakaanza kunung'unika. Na manung'uniko ni kama mvuke wangu: ukikandamiza kifuniko, dengu zitafoka na moto utazimika."

Asante, chungu. Pumzika.

Sasa mitume 12 wakasikia. Wangeweza kuwaambia wale wajane, "Vumilieni, ombeni, msilete fujo nyumbani kwa Mungu." Maneno hayo nimeyasikia sana makanisani kwetu, na siyapendi hata kidogo. Mitume hawakusema hivyo. Waliwaita waumini wote, jambo likasemwa mchana kweupe. Wakakubali kwamba kuhubiri na kusimamia chakula, vyote viwili, hawaviwezi. Wakasema: chagueni ninyi wenyewe watu saba wenye sifa njema, wenye hekima.

Watu wakachagua. Sikiliza majina yao. Usiyakariri, yasikilize tu: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Umegundua kitu?

"Hakuna Yakobo! Hakuna Yuda!"

Kichwa chako hicho, kitunze! Yote saba ni majina ya Kigiriki. Huyo Nikolao hata Myahudi wa kuzaliwa hakuwa; alitoka Antiokia, akaingia dini ya Kiyahudi ukubwani. Inaelekea upawa ulikabidhiwa upande ule ule uliokuwa ukilala njaa. Hawakupewa pole wakarudi nyuma ya foleni. Walipewa upawa. Hapo ndipo ninapowavulia kofia mitume.

"Mjomba, na kama ni watu wawili tu wamekoseana?"

Basi msiite kanisa zima. Yesu alipanga hatua, ziko Mathayo 18. Kwanza nenda kwa aliyekukosea, wewe na yeye peke yenu. Asiposikia, rudi na mtu mmoja au wawili. Asiposikia bado, ndipo mlifikishe jambo hilo kanisani. Sisi wakubwa tunapenda kuanzia mwisho. Mtu anakanyagwa kidole kwenye mazoezi ya kwaya, kabla ya jioni habari iko kwenye kundi la WhatsApp, na aliyemkanyaga ndiye wa mwisho kujua.

"Wakifuata hatua zote, wanapatana?"

Si kila mara, na sitakudanganya. Paulo na Barnaba walikuwa marafiki wakubwa, wamehubiri na kufukuzwa pamoja. Siku moja Barnaba akataka kumchukua tena Yohana Marko safarini. Paulo akakataa katakata, kwa sababu safari iliyopita kijana huyo aliwaacha Pamfilia akarudi zake. Wakashindana vikali, kila mmoja akashika njia yake. Barnaba akapanda merikebu na Marko kwenda Kipro. Paulo akamchukua Sila, wakapita Siria na Kilikia.

"Nani alikuwa na haki?"

Wakubwa wanabishana mpaka leo. Mimi namhurumia Marko, kuwa sababu ya ugomvi wa watu wazima si mchezo.

Lakini hakuachwa hivyo. Miaka ikapita, Paulo akafungwa gerezani. Katika barua ya pili kwa Timotheo anamwagiza amletee watu na vitu. Anataka joho lake aliloliacha Troa. Anataka vitabu vyake. Na juu ya hayo anamtaka Marko, yule yule aliyemkataa, kwa kuwa anamfaa kazini. Tena Timotheo afanye haraka, wafike kabla ya baridi.