Tungemjuaje Jilfidan kama binti yake asingeandika?

Mjaribu mwanao jioni ya leo. Mwulize jina la mama wa bibi yake, alizaliwa wapi na alifariki kwa ugonjwa gani. Kama hajui, msimlaumu. Hata katika nyumba ya Sultani wa Zanzibar akina mama walipotea hivyo hivyo.

Sayyid Said, aliyefariki baharini Oktoba 1856, aliacha watoto 36 kwa hesabu ya binti yake Salme. Mkewe wa ndoa, Bibi Azza binti Seif, hakuzaa. Watoto hao walizaliwa na masuria, yaani wanawake waliotekwa au kununuliwa wakaingizwa kwenye nyumba ya bwana. Suria aliyezaa hakuweza kuuzwa tena, na bwana akifa alikuwa huru. Wana wao Majid, Barghash, Khalifa na Ali walitawala kwa kupokezana na tunawasoma shuleni. Mama zao je?

Mmoja tunamjua vizuri kidogo: Jilfidan, mama yake Salme. Alikuwa Mcherkesi, kutoka upande wa milima ya Kaukasi, karibu na Bahari Nyeusi. Baba yake alikuwa mkulima. Vita vilipofika kwao, familia ilijificha chini ya ardhi, lakini wavamizi wakawakuta, wakawaua wazazi na kuwachukua watoto watatu. Kaka alipelekwa njia yake. Mdogo wao wa miaka 3 alikuwa akimlilia mama hadi jioni, ndipo naye akatenganishwa na dada yake. Jilfidan hakusikia habari zao tena.

Alifika kwa Sultani akiwa na miaka 7 au 8. Binti yake anasema jino lake la kwanza la utoto lilidondokea humo. Akalelewa pamoja na mabinti wa Sultani wa rika lake, na pamoja nao akajifunza kusoma, jambo ambalo masuria wengi walioletwa wakiwa wakubwa hawakulipata. Alikuwa mrefu, mwenye nguvu, nywele zikifika magotini. Mimi kama mwandishi wa afya kilichonivutia zaidi ni kwamba palipokuwa na mgonjwa alikwenda kumuuguza, akipita kitanda hadi kitanda na kitabu mkononi, akiwasomea dua. Sultani alimsikiliza, na mara nyingi alichoomba kilikuwa kwa ajili ya wengine.

Mwaka 1859 kipindupindu kiliingia Zanzibar. Salme, akiwa na miaka kama 15, alilala chini juu ya mkeka kwa sababu ya joto. Alipoamka alimkuta mama yake miguuni pake akijikunja kwa maumivu. Alikuwa amekuja usiku, akiamini anakufa, akataka awe karibu na mwanawe. Hakupona. Wakati huo hakuna aliyekuwa na maji ya chumvichumvi na sukari (ORS) wala dripu, vitu ambavyo leo vinaokoa wagonjwa wengi wa kipindupindu wakiwahiwa.

Haya yote yamo katika kitabu ambacho Salme alikitoa kwa Kijerumani mwaka 1886, akiitwa Emily Ruete, mjane anayelea watoto Ujerumani. Alianza kuandika kwa sababu ya hao watoto: walijua tu kwamba mama ni Mwarabu wa Zanzibar, basi.

Kwa familia nyingi za huku kwetu Ugogo kuna sababu ya ziada. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 ilihamishia watu kwenye vijiji vipya, na makaburi ya mabibi yakabaki kwenye mahame. Wanaokumbuka nani alizikwa wapi sasa ni wazee.

Na kliniki hawaulizi kwa udadisi. Mjamzito anapoulizwa kama kwao kuna presha, kisukari, selimundu au mapacha, jibu linabadilisha namna atakavyofuatiliwa. Mwanamke ambaye mama yake au dada yake alipata kifafa cha mimba yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kukipata. "Bibi alifia uzazini" haitoshi. Alivimba miguu? Alipata degedege? Alitoka damu nyingi? Mtoto alikuwa wa ngapi? Ulizeni wakati mnachambua karanga, maana ukimkalisha mzee na daftari atakuambia amesahau. Halafu andikeni nyuma ya daftari la kliniki, pamoja na jina lake kamili, siyo "Mama Fulani" tu.

Salme mwenyewe alichelewa kwa baadhi ya mambo. Aliandika zaidi ya miaka 15 baada ya mama yake kufa, akiwa mbali, bila mtu wa kumwuliza. Kazi ya babu yake mzaa mama tunaijua, na umri wa yule mama mdogo aliyepotea tunaujua. Jina la bibi yake halimo kitabuni.