Marashi Yako Hayajaisha, Mama

Siku hizi nalijua swali kabla mteja hajafungua mdomo. Anaweka chupa mezani, ya udi au ya ubani, anaisukuma kwangu kwa kidole kama mtu anayerudisha noti ya dola iliyochanika. "Hii marashi inaisha mbio. Iko ya kweli ao iko ya kuiga?" Namuuliza amejuaje kwamba yameisha. Alijipulizia asubuhi, akapanda pikipiki kutoka Ndosho hadi Birere, hapa Goma, akashuka, akanusa kola ya shati, hakusikia kitu. Mimi niliyekaa upande wa pili wa meza nilishamsikia tangu akiwa mlangoni.

Basi tuelewane. Pua yako haina habari na kilichopo, inatangaza kilichobadilika. Chembe zinazopokea harufu, kule juu kabisa ndani ya pua, hupunguza mwitikio dakika chache tu baada ya kupokea kitu kilekile mfululizo, na ubongo nao hukiweka kando kilichobaki. Ukijipulizia shingoni, umeweka chanzo cha harufu chini ya pua yako kwa siku nzima. Unategemea nini?

Tena mambo hayaishii kwenye dakika. Mwaka 1996 watafiti Pamela Dalton na Charles Wysocki, wa kituo cha Monell kule Philadelphia, walitoa matokeo ya jaribio ambamo watu waliishi na harufu moja nyumbani kwao kwa wiki mbili. Uwezo wao wa kuisikia harufu hiyo ulishuka, na haukurudi mara moja hata baada ya chanzo kuondolewa. Harufu nyingine walizisikia kama kawaida. Wewe unayetumia chupa moja kila siku tangu mwaka jana, halafu unasema muuzaji amekuibia, jiweke hapo.

Na sisi wa Goma tuna jambo letu la ziada, ambalo ndilo hasa linalowapoteza wapenzi wa manukato ya moshi. Kuni zinapoungua, lignini iliyo ndani ya mti huvunjika na kutoa guayakoli na siringoli. Hizo ndizo pua inazoziita moshi. Mtengeneza manukato anayetaka harufu ya ngozi iliyofukizwa au ya moto uliozimika hachoti moshi wa volkano ya Nyiragongo. Huchukua lami iliyosafishwa ya mti wa betula, mafuta ya mreteni au guayakoli yenyewe, akaichanganya na utomvu: ubani, manemane, labdanamu. Sasa mtazame mama aliyeamka alfajiri akawasha mbabula ya makala kwa vijiti, akapepea, na makala yenyewe hayakuiva vizuri tanurini. Nywele zimeshika moshi, kitenge kimeshika moshi. Saa mbili asubuhi anajipulizia marashi ya moshi ya dola themanini. Pua yake imeshazoea nusu ya chupa kabla hajaifungua! Kinachobaki kusikika ni ule utamu wa utomvu na vanila, ndiyo maana wengine hunilalamikia kwamba waliuziwa moshi wakapewa harufu ya bonboni. Jirani aliyepika kwa umeme anausikia moshi wote, barabara kabisa.

Dawa wanazopeana mitaani ndizo zinazonikasirisha. Ya kwanza ni kahawa: nusa punje za kahawa, pua itafunguka. Kahawa ya Kivu ni nzuri sana, inyweni. Mwaka 2011 Alexis Grosofsky na wenzake wa Chuo cha Beloit, Marekani, waliwanusisha watu manukato, kisha wakawapa wengine kahawa, wengine limau, wengine hewa tupu, halafu wakawapima. Kahawa haikuishinda hewa tupu. Na kwa marashi ya moshi shauri hili ni baya zaidi, kwa sababu kahawa iliyokaangwa ina guayakoli ndani yake. Unaisafisha pua na kitu kilekile kilichoichosha.

Ya pili ni kiberiti. Eti udi wa kweli ukiwashwa huwaka. Marashi ya kupulizia kwa sehemu kubwa ni alkoholi. Ya kweli yatawaka, ya kuiga yatawaka, na nyusi zako pia.

Ya tatu, ndiyo mbaya kuliko zote, ni kuongeza. Husikii, unaongeza. Saa sita unaongeza tena. Wewe bado husikii, lakini walio nawe katika teksi wameshafungua madirisha, na mwenye pumu kwenye benchi la kanisani ametoka nje kukohoa. Utomvu mzito hauruki haraka. Pulizo la saa sita linalalia juu ya lile la asubuhi ambalo halijaondoka.

Nitakubali jambo moja. Mafuta ya ubani yamejaa molekuli nyepesi, alfapinini hasa, na zile hupaa kweli. Ule mwanzo mkali wenye harufu ya limau na msonobari haukai, hata ulipe bei gani. Lakini usitoe hapo kipimo cha uhalisi. Bandia zipo, tena nyingi. Miti inayotoa udi, Aquilaria, inalindwa yote na mkataba wa CITES tangu 2005, na mafuta yake safi hayauzwi kwa dola tano Birere. Ila kudumu hakuthibitishi kitu. Koti likinukia "udi" wiki nzima, hata baada ya kufuliwa, mara nyingi hizo ni molekuli za kiwandani. Mimi sina ugomvi nazo. Nina ugomvi na anayeziita udi wa Kambodia.

Haya, ya kufanya, haraka. Pulizia mara mbili, basi. Weka kisogoni au kifuani chini ya nguo, mbali na pua. Ngozi kavu ipake kwanza mafuta yasiyo na harufu. Nguo nyeupe usiiguse, utomvu huacha doa. Jipulizie kabla ya kuwasha mbabula au baada ya kutoka jikoni, kamwe si mbele ya moto. Badilisha chupa kila siku chache. Anayefukiza ubani chumbani juu ya makala afungue dirisha: monoksidi ya kaboni haina harufu, na ubani hauifukuzi. Ukitaka kujua kama yamekaa, usijinuse. Muulize mtu aliyeingia sasa hivi kutoka nje, asiye wa nyumba yako. Akikuambia hasikii kitu, na ni saa mbili tu tangu ujipulizie, hapo beba chupa na risiti, umrudie muuzaji.