Je, Wajua? Ukitaka Umati, Toa Kitu Bure

Je, wajua kwamba mwongozo wa migahawa unaowakosesha usingizi wapishi wakubwa duniani uliletwa na watengeneza tairi? Mwaka 1900 ndugu wawili Wafaransa, André na Édouard Michelin, walichapa nakala 35,000 na kuzigawa bure kwa madereva. Sasa sikia: Ufaransa nzima wakati huo ilikuwa na magari yasiyofika 3,000! Hesabu yao ilikuwa fupi: ukijua pa kula na pa kulala utasafiri, na ukisafiri tairi zitalika.

Je, wajua kwamba kampuni ya Kimarekani ya John Deere ilianza kuchapa jarida la wakulima, The Furrow, mwaka 1895? Siku hizo haikuwa na trekta hata moja ya kuuza. Iliuza majembe ya kukokotwa na wanyama. Jarida hilo lipo hadi leo. Zaidi ya miaka 125, na mkulima bado anapewa somo na yuleyule anayemuuzia vifaa!

Na ule ubishi wa kijiweni, wa nani mrefu na nani mwenye mbio kuliko wote? Mwaka 1951 bosi wa kampuni ya bia ya Guinness, Sir Hugh Beaver, alibishana na wenzake mawindoni Ireland: ni ndege gani wa kuwindwa mwenye kasi zaidi Ulaya? Akawaza, kumbe kila baa ina ubishi kama huu, akaagiza kitabu cha kuumaliza. Kilitoka 1955, na kufikia Krismasi kilikuwa kinaongoza kwa mauzo Uingereza. Kitabu cha rekodi za dunia, kutoka kwa wauza bia!

Je, wajua kwamba mashindano ya baiskeli ya Tour de France yalibuniwa ili gazeti liuzike? L'Auto la Paris lilikuwa likiuza nakala kama 25,000 kwa siku. Mwaka 1903 baiskeli zikazungushwa Ufaransa nzima, na mauzo yakaruka hadi 65,000. Na ile jezi ya njano ya anayeongoza, unaijua? Ndiyo iliyokuwa rangi ya karatasi ya L'Auto.

Haya, tuje nyumbani. Je, wajua kwamba Stanley aliyemkuta Livingstone pale Ujiji mwaka 1871 hakutumwa na serikali wala kanisa? Alilipiwa safari na gazeti la New York Herald, lililokuwa na njaa ya habari ambayo hakuna mwingine aliyenayo. Kutoka Bagamoyo hadi Kigoma, kwa ajili ya wasomaji wa New York!

Tamthilia je? Mwaka 1933 kampuni ya sabuni ya Procter & Gamble ilianza kudhamini mchezo wa redio ulioitwa Ma Perkins. Akina mama wakasikiliza kila siku kujua kilichompata mama yule, na katikati wakasikia habari za sabuni. Mchezo ulidumu hadi 1960. Miaka 27, rafiki yangu!

Sasa shika benchi vizuri, tunaingia kwenye intaneti.

Je, wajua tovuti ya kwanza kabisa duniani iliandika nini? Mvumbuzi wake, Tim Berners-Lee, aliifungulia umma Agosti 1991 huko kwenye kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi. Ilieleza mtandao wa tovuti ni nini, na wewe utautumiaje. Tangu siku ya kwanza, tovuti ilikuwa inafundisha bure.

Mwanzilishi wa mtindo wa blogu unamdhania ni mzee wa makamo mwenye miwani? Wengi humtaja Justin Hall, mwanafunzi wa chuo huko Pennsylvania, aliyeanza kuandika maisha yake mtandaoni Januari 1994. Alikuwa na miaka 19!

Na huyu mwingine? Matt Mullenweg naye alikuwa na miaka 19 mwaka 2003, alipoitoa programu ya WordPress pamoja na Mwingereza Mike Little. Leo zaidi ya tovuti 4 kati ya kila 10 duniani zinaendeshwa kwa programu hiyo. Bei yake? Bure.

Je, wajua kwamba makala moja ya kujibu swali la bei iliokoa kampuni nzima? Mwaka 2009, uchumi wa Marekani ukiwa umeyumba, Marcus Sheridan wa Virginia alikuwa akiona biashara yake ya mabwawa ya kuogelea ikielekea kufa. Akaamua kujibu kwenye blogu kila swali aliloulizwa na wateja, likiwemo lile ambalo washindani wake walilikwepa: bwawa ni shilingi ngapi? Kufikia 2013 alihesabu kwamba makala hiyo peke yake ilileta mauzo yasiyopungua dola milioni 1.7.

Umeshangaa? Ngoja kwanza. Mwaka 2010 Emily Weiss, msaidizi katika jarida la Vogue, alianzisha blogu ya urembo, Into the Gloss, akiamka saa 10 alfajiri kuiandika kabla ya kwenda kazini. Mwaka 2014 akawauzia wasomaji wake bidhaa 4 tu, kwa jina la Glossier. Mwaka 2019 kampuni hiyo ilithaminiwa dola bilioni 1.2!

Je, wajua kwamba filamu ya The Martian ilianza kama hadithi ya bure kwenye tovuti? Andy Weir, fundi wa kompyuta, aliweka sura moja baada ya nyingine, na wasomaji wakamsahihishia sayansi. Walipomwomba aiweke Amazon, akaiuza senti 99. Filamu ilitoka 2015 na kuingiza zaidi ya dola milioni 600.

Mpishi je, yumo? Yumo! Mwaka 2002 Julie Powell wa New York aliahidi kupika mapishi yote 524 ya kitabu cha mpishi maarufu Julia Child kwa siku 365, na kuyasimulia kwenye blogu. Jiko lake lilikuwa dogo, lakini wasomaji walijaa. Mwaka 2009 Hollywood ikamtengenezea filamu, na Julia Child akaigizwa na Meryl Streep mwenyewe.

Hii ndiyo ninayoipenda zaidi. Mwaka 2012 msichana wa miaka 9 huko Uskoti alianza kupiga picha chakula chake cha shule na kukipa alama kwenye blogu iliyoitwa NeverSeconds. Wakubwa wakampiga marufuku, dunia ikapiga kelele, marufuku ikafutwa upesi. Michango aliyoomba kwa ajili ya wanafunzi wenye njaa ikapita pauni 100,000, na jiko la shule likajengwa Malawi!

Na Kenya? Januari 2008, nchi ikiwa kwenye vurugu za baada ya uchaguzi, Ory Okolloh aliandika kwenye blogu yake wazo la ramani ya kuonyesha matukio yanatokea wapi. Wanablogu na mafundi wa kompyuta wakaitika, na ndani ya siku chache tovuti ya ramani hiyo, Ushahidi, ikawa hewani. Mwaka 2010 mfumo huohuo ukatumika kusaidia waliokumbwa na tetemeko la Haiti.

Watanzania, msinikasirikie, zamu yenu hii hapa. Je, wajua kwamba blogu ya Michuzi haikuzaliwa Dar es Salaam? Mpiga picha wa habari Issa Michuzi aliianzisha Septemba 2005 akiwa Helsinki, Ufini! Walioko ughaibuni wakapata dirisha la kuchungulia nyumbani.

Na je, wajua kwamba mwaka 2018 kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni Tanzania zilimtaka mwenye blogu awe na leseni? Ukijumlisha ada zote, zilifika kama shilingi milioni 2.1. Kalamu ya bure ikawa na bei!

Unataka kujua siri za Google? Je, wajua kwamba mwaka 1996, ikiwa bado mradi wa wanafunzi wa Stanford, iliitwa BackRub? Kazi yake kubwa ilikuwa kuhesabu viungo: tovuti nyingine ikiweka kiungo cha kuja kwako, ni kama imekupigia kura. Ndiyo maana mtu anayeandika jambo la maana hupanda juu: wenzake humtaja bila kulipwa. Kizuri chajiuza.

Unadhani maswali yote yameshaulizwa? Google yenyewe imesema asilimia 15 ya maswali inayopokea kila siku hayajawahi kuulizwa kabla. Kila siku! Maana yake kila asubuhi kuna watu wanaotafuta jibu ambalo huenda wewe unalo na hujaliandika.

Lakini usikimbilie kushangilia. Mwaka 2023 kampuni ya Ahrefs ilipekua kurasa kama bilioni 14. Asilimia 96.55 ya kurasa hizo hazikupata msomaji hata mmoja kutoka Google. Sifuri! Nyingi hazikuwa na kiungo cha kuja kwake, au zilijibu swali ambalo hakuna anayeuliza.

Na hao wanaofika, je, husoma? Mwaka 1997 mtafiti Jakob Nielsen aliona kwamba watu 79 kati ya 100 hupitisha macho tu juu ya ukurasa mpya. Waliosoma neno kwa neno walikuwa 16. Wewe umefika hapa, hongera, uko kwenye kundi la wachache!

Subira nayo ni haba. Mwaka 2016 Google ilitangaza kwamba kwenye simu, asilimia 53 ya wageni huondoka ukurasa ukichelewa kufunguka kwa zaidi ya sekunde 3. Sekunde 3! Ile picha yako kubwa inayomaliza bando la watu, ipunguze leo.

La mwisho, na hili nakuachia mkononi. UNESCO husema Kiswahili kina wazungumzaji zaidi ya milioni 200, na Julai 7 ni siku yake duniani. Lakini tovuti zinazoandikwa kwa Kiswahili hazifiki asilimia 0.1 ya tovuti zote. Milioni 200 wanauliza, na wanaojibu ni wa kuhesabu! Fundi wa pikipiki, mkunga, mfuga nyuki, mwalimu wa hesabu: chukua swali moja unaloulizwa kila siku, lijibu vizuri kwa Kiswahili, uliweke mtandaoni wiki hii.