Jibu la kwanza halitoshi: Funzo la mafumbo ya Desemba

Wapo wengi miongoni mwetu, sisi wa taaluma za lugha, wanaoamini kwamba tarakilishi ni shamba la wenzetu wa hisabati, na kwamba mwalimu wa Kiswahili akionekana humo amepotea njia. Nami niliamini hivyo kwa miaka mingi. Mafumbo ya Desemba ndiyo yaliyonitoa katika imani hiyo, na kwa kuwa yamenifunza jambo linalowahusu walimu wote pamoja na wanafunzi wao, naomba msomaji anivumilie nilieleze.

Tangu mwaka 2015, mtaalamu wa programu kutoka Marekani aitwaye Eric Wastl amekuwa akitoa mafumbo kila Desemba chini ya jina Advent of Code. Ameyapanga kwa mfano wa kalenda ya Majilio, desturi iliyoanzia Ujerumani katika karne ya 19, ambapo watoto hufungua kidirisha kimoja kila siku wakiingoja Krismasi. Hapa kila kidirisha ni fumbo, nalo hutolewa saa sita za usiku kwa saa za pwani ya mashariki ya Marekani. Kwetu Kenya huwa ni saa mbili za asubuhi, wakati mwafaka kabisa wa kunywa chai. Mshiriki huandika programu katika lugha yoyote aipendayo, na anachowasilisha ni jibu tu.

Kila fumbo lina sehemu mbili. Ya pili hufichwa hadi mtu ailipue ile ya kwanza, na aghalabu huwa ni hadithi ileile iliyobadilishwa sharti moja. Naomba msomaji alishike jambo hilo, kwa maana ndilo kiini cha makala haya.

Nilijitosa tarehe 1 Desemba 2023. Lugha niliyoichagua ni Prolog, wala sikuichagua kwa kubahatisha. Iliundwa mjini Marseille, Ufaransa, mwaka 1972 na Alain Colmerauer pamoja na Philippe Roussel, wakisaidiwa na mawazo ya kimantiki ya Robert Kowalski aliyekuwa Edinburgh. Colmerauer alitaka mashine iweze kuzichambua sentensi za Kifaransa. Katika lugha nyingi za programu, mtu huiamuru mashine afanyalo: anza hapa, kisha fanya hili. Katika Prolog yeye huitajia mashine mambo yaliyo kweli na kanuni zinazoyaunganisha, kisha huiuliza swali, nayo hutafuta jibu ikirudi nyuma kila inapogonga ukuta. Mwanaisimu aliyezoea kuandika kanuni za sarufi hujihisi yuko nyumbani.

Fumbo la siku hiyo lilikuwa na mistari mingi ya herufi na tarakimu zilizochanganywa. Katika kila mstari ilitakiwa kutafutwa tarakimu ya kwanza na ya mwisho. Hiyo ilikuwa kazi nyepesi. Sehemu ya pili ikasema: hata namba zilizoandikwa kwa maneno nazo zihesabiwe. Nikacheka. Maneno, tena! Nikaandika kanuni ya kubadilisha kila neno la namba kuwa tarakimu, kuanzia kushoto kwenda kulia. Jibu langu likakataliwa.

Fumbo lenyewe limeandikwa kwa Kiingereza, lakini kosa langu linaeleweka vyema zaidi kwa Kiswahili. Tazama mfuatano huu: "tisaba". Ndani yake mna "tisa" na mna "saba", nayo silabi "sa" ni mali ya maneno yote mawili. Vivyo hivyo "sitano" imebeba "sita" na "tano". Mimi nilipoiondoa "tisa" na kuweka 9, nilibakiwa na "ba", na ile "saba" iliyostahili kuwa namba ya mwisho ikawa imemezwa. Mtu anayewafundisha vijana chuoni kwamba sauti za maneno huingiliana katika usemi alishindwa kuuona mwingiliano huo ukiwa umeandikwa mbele ya macho yake! Programu yangu ilikuwa sahihi kwa swali nililojiuliza mwenyewe, bali halikuwa swali nililoulizwa.

Mafumbo ya miaka iliyopita hubaki wazi, na baada ya kupata hamu nikayarudia ya mwaka 2021. La siku ya sita lahusu samaki wa kina kirefu wanaozaana. Kila samaki ana namba inayoonyesha siku zilizosalia kabla ya kuzaa. Namba hupungua kwa moja kila siku. Aliye na 0 huzaa, kisha yeye hurejea 6, na mtoto wake huanza na 8. Mfano uliotolewa una samaki watano: 3, 4, 3, 1 na 2. Swali ni je, baada ya siku 80 watakuwa wangapi?

Nikaandika orodha ya samaki na kanuni ya kuwapitia mmoja baada ya mwingine. Jibu la mfano ni 5,934, nalo likatoka mara moja. Sehemu ya pili haikubadilisha chochote ila idadi ya siku, kutoka 80 hadi 256. Nikaibadilisha namba hiyo moja katika programu yangu, nikaenda kujimiminia chai. Niliporudi tarakilishi ilikuwa imeganda, hata kishale hakisogei.

Mpwa wangu, wakati huo akiwa kidato cha pili, alikuwa kwetu kwa likizo. Alikuja akaniona nimeshika tama, akaniomba nimsomee swali. Nikamsomea. Akachukua daftari lake la hisabati, lile la miraba, akachora safu tisa, akaziandika juu yake 0 hadi 8. "Mjomba," akasema, "kwani kuna haja gani ya kumwandika kila samaki? Wote wenye 3 si watafanya jambo moja siku moja? Andika tu wako wangapi."

Nilinyamaza. Alikuwa na haki. Kila siku, hesabu zote husogea safu moja kushoto. Wale waliokuwa kwenye 0 huongezwa kwenye 6, na idadi hiyohiyo ya watoto huingia kwenye 8. Basi. Kwa kalamu yake alifika siku ya 18 akapata samaki 26, sawasawa na mfano. Nami nikaiandika kanuni yake kwa Prolog katika mistari miwili, na jibu la siku 256 likaja kabla sijaondoa kidole: 26,984,457,539. Ni zaidi ya bilioni 26. Hata kama kila samaki angetengewa baiti moja tu, orodha yangu ingehitaji karibu gigabaiti 27 za kumbukumbu. Haikuwa kosa la tarakilishi.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu wenzangu. Katika sehemu ya kwanza, mimi na binti yule tungepewa alama sawa. Jibu ni 5,934 na wote tumelipata. Hakuna karatasi ya mtihani ambayo ingeonyesha kwamba mmoja wetu ameelewa jinsi samaki wanavyozaana na mwingine ana orodha ndefu tu. Ni sehemu ya pili iliyotutenganisha.

Je, ni mara ngapi sisi madarasani huishia kwenye sehemu ya kwanza? Mwanafunzi aliyekariri kwamba "kitabu" huchukua "changu" atasema "kikombe changu" na "kiti changu", nasi tutamwekea alama ya vema. Muulize kuhusu "kiongozi". Akisema "kiongozi changu", tumegundua kwamba alikuwa ameshika umbo la ki- na hajaielewa ngeli. Akisema "kiongozi wangu", muulize ni kwa nini. Swali hilo la pili halihitaji vifaa wala fedha. Linahitaji dakika mbili, na mwalimu asiyeridhika haraka.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa kuliko lilivyokuwa miaka kumi iliyopita, kwa sababu mashine za akili unde zaweza kutoa jibu la sehemu ya kwanza, na mara nyingi hata la pili, kwa muda wa kupepesa jicho. Mafumbo haya yenyewe yaliguswa na mabadiliko ya nyakati. Zamani watu 100 wa kwanza duniani kulifumbua fumbo walipata pointi katika orodha ya kimataifa, na Wastl aliwahi kuwaomba washiriki wasiitumie akili unde kuwania nafasi hizo. Mwaka 2025 aliyapunguza mafumbo kutoka 25 hadi 12, na orodha hiyo akaiondoa kabisa. Pasipo mbio, kilichobaki ni mtu na swali lake. Kwa maoni yangu, hapana hasara iliyopatikana.

Watakuwapo watakaosema kwamba shule nyingi hazina tarakilishi, na kwamba ninazungumzia anasa za mijini. Nakubali kwamba pengo hilo lipo na laumiza. Lakini yule aliyenishinda nyumbani kwangu hakuwa na tarakilishi. Alikuwa na kalamu, daftari la miraba, na tabia ya kulisoma swali hadi mwisho kabla ya kuanza kulijibu. Tabia hiyo yaweza kufunzwa chini ya mwembe.

Nawaomba basi walimu, muhula ujao utakapoanza, mjaribu jambo moja. Mwanafunzi akitoa jibu sahihi, msimpigie makofi papo hapo. Badilisheni sharti moja, kisha mmuulize tena. Nanyi wanafunzi, mkipata jibu, kabla ya kuifunga kalamu jiulizeni swali ambalo mpwa wangu huniuliza hadi leo kila ninapojigamba mbele yake: "Na siku zikiwa 256, Mjomba?"