Kusaga meno usingizini: meno yaliyonyooshwa yasipotee bure

Ndugu mutumikaji, bibi yako amekwisha kukuambia kama unasaga meno ukiwa umelala? Usimukasirikie. Mutu mwenye kusaga meno hajisikii mwenyewe. Anayelala karibu yake ndiye anayesikia, na mara nyingi ni yeye anayemusukuma mugonjwa mpaka ku dispanseri.

Kama unalala peke yako, kuna alama zingine. Asubuhi taya zinachoka kama umetafuna muwa usiku kucha. Kichwa kinauma pembeni, juu ya masikio. Maji ya baridi yanachoma jino lisilokuwa na tundu. Simama mbele ya kioo na tazama meno ya mbele: kama ncha zake zimekatika sawasawa kama zimepigwa tupa, basi kazi hiyo inafanyika kila usiku bila wewe kujua. Ganda gumu la nje la jino likiisha haliote tena. Mufupa ukivunjika unaunga, lakini ganda la jino haliunge.

Wazee wetu wanasema mutoto anayesaga meno ana minyoo. Dawa ya minyoo ni nzuri, mupe mutoto wakati unaotakiwa, lakini usingoje iponyeshe meno. Watoto wengi wanasaga meno hata kama tumbo lao ni safi, na wengi wanaacha wenyewe wakikua. Kwa mutu mukubwa jambo linatoka katika usingizi wenyewe: ubongo unashituka kidogo, taya zinakaza. Mawazo mengi yanaongeza. Bia na lutuku vya jioni vinaongeza, na tumbako, na kahawa ya usiku. Dawa zingine za kutuliza mawazo pia zinaweza kuleta hali hiyo. Kama unakunywa dawa ya namna hiyo usiiache wewe mwenyewe, sema kwanza kwa munganga aliyekupa.

Hapa nawaambia zaidi mashofere. Kama unasaga meno, na tena unakoroma kwa nguvu, na bibi anasema kuna wakati pumzi inakatika kisha inarudi kwa kishindo, na muchana unasinzia, hilo si jambo la meno tu. Pumzi yako inafungwa usingizini. Mutu wa namna hiyo anaweza kulala juu ya usukani wa kamyo katikati ya karieri. Njoo utuambie mbele ya kupanda kamyo.

Sasa naongea na wazazi ambao watoto wao walivaa vyuma vya kunyoosha meno. Si wengi katika kambi zetu, kwa sababu bei ni kali, lakini wanaongezeka. Najua musichana mumoja wa miaka 17, baba yake ni shofere. Baba alilipa munganga wa meno wa mujini kidogo kidogo, miaka miwili. Vyuma vikaondolewa, meno yakawa muzuri sana, na mutoto akapewa kishikio cha plastiki nyembamba cha kuvaa kila usiku. Kisha miezi mine kikapasuka fasi ya magego: alikuwa anakisaga usingizini. Akaogopa kumuambia baba, juu ya franga zote zilizokwisha kutoka. Akakificha katika sanduku la nguo. Mama ndiye aliyeona, siku ya kumusuka nywele, kama jino moja la mbele limeanza kugeuka.

Kwa nini jino linarudi? Jino halikupigwa simenti ndani ya taya. Limeshikwa na nyuzi ndogo ndogo, na vyuma vinapolisukuma nyuzi hizo zinavutika kama kamba. Vyuma vikiondolewa, kamba inataka kurudi fasi yake ya zamani. Mufupa unahitaji miezi mingi kwa kukaza, na nyuzi za ufizi zinaweza kupita mwaka. Hata kisha hapo meno ya kila mutu yanaendelea kusogea polepole mpaka uzee. Ndiyo sababu kishikio kinavaliwa miaka mingi. Mutoto akisema «nimemaliza vyuma, nimepona», mujibu kama kazi ya kushikilia ndiyo inaanza.

Kwa mutu mwenye kusaga meno, kishikio chembamba kinapasuka mbio. Wengine wanakwenda kununua kinga ya plastiki laini, ile ya wacheza boksi, inayolainishwa katika maji ya moto. Siwashauri. Inakinga ngumi, lakini haishike meno fasi yake, na watu wengine wanaitafuna zaidi kwa sababu ni laini. Mubaya zaidi ni kinga ndogo inayofunika meno ya mbele tu: ukiivaa muda murefu, magego hayagusi kitu, yanaweza kusogea, na kinywa hakifunge tena sawasawa.

Njia nzuri iko. Munganga wa meno anaweza kupima kinywa na kutengeneza kinga moja ngumu, yenye unene wa milimetri 2 ao 3, inayofunika meno yote ya upande mumoja, tuseme ya juu, na kuyabana vizuri. Kitu hicho kimoja kinafanya kazi mbili: kinapokea kusagwa, na kinashikilia meno. Lakini kinga ya juu haishike meno ya chini. Kwa chini mara nyingi wanabandika waya mwembamba nyuma ya meno ya mbele, usioonekana mutu akicheka. Usivae vitu viwili juu ya meno yale yale, na usiache kishikio cha zamani mbele ya munganga kuona kinga mpya inakaa vizuri. Waya nao uchunguze kwa ulimi: upande mumoja ukibanduka, jino la fasi ile linaweza kuanza safari bila maumivu yoyote.

Yule musichana alitengenezewa kinga ya namna hiyo. Jino lake halikurudi sawa kabisa, na baba amelipa tena. Angesema juma la kwanza, jino lisingepata wakati wa kugeuka.

Basi, kikipasuka ao kikipotea, sema siku ile ile. Ukikaa siku kadhaa bila kuvaa na ukisikia kinabana, vaa usiku ule na ufuatao. Kikikataa kuingia usikisukume kwa nguvu, kipeleke kwa munganga.

Na ninyi wa posti ya usiku musikieni: tunasema «usiku», lakini maana yake ni usingizi. Ukilala muchana, vaa muchana.

Muchana pia jichunguze. Wengi wanakaza taya wakibeba muzigo muzito ao wakikasirika. Ukiwa umefunga kinywa, midomo igusane lakini meno yaachane. Meno yanagusana wakati wa kula na kumeza, basi. Na chupa ya bia ifungue kwa kifungulio. Nimeona gego lililopasuka kwa kifuniko cha Simba, na mwenye gego alikuwa anacheka mpaka baridi ilipogusa.

Kuosha ni rahisi: maji ya baridi, brosi laini, sabuni kidogo, kila asubuhi. Maji ya moto hapana, yanakunja plastiki na kinga haingii tena. Mutu akiitoa, aiweke katika kisanduku chake chenye matundu, si katika karatasi juu ya meza, wala katika mufuko wa suruali ya kazi. Na kisanduku kiwekwe juu, mbali na imbwa. Imbwa anapenda harufu ya kinywa cha mutu, na kinga ya franga nyingi anaimaliza mbele hamujaamuka.