PUMU: ASKARI ANAYEKOSEA ADUI

Kama unakaa Kenya, Katuba ao Ruashi, bila shaka unamjua mtoto ambaye kifua chake kinapiga filimbi usiku. Majirani hawakosi jibu. Mmoja anasema: "Ni baridi ilimuingia." Mwingine ananong'ona: "Kuko mutu anamuroga." Na hapo nkambo mzee wa parsele anaanza kutazamwa vibaya. Basi ni vema familia ya Kikristo ijue mambo yanayopita ndani ya kile kifua.

Mwili wetu una askari wake, wanaoitwa kingamwili. Ziko za namna nyingi. Namna moja inaitwa IgE. Ilivumbuliwa mwaka 1966 na 1967 na vikundi viwili: huko Denver, Marekani, Kimishige Ishizaka na mke wake Teruko; na huko Uppsala, Swedeni, Johansson na Bennich. Wataalamu wengi wanafikiri kwamba kazi yake ya asili ni kupigana na minyoo. Ndiyo maana watoto wenye minyoo mara nyingi wanakuwa na IgE nyingi katika damu, hata kama hawana pumu.

Lakini kwa watu wengine askari huyu anakosea adui. Ndani ya godoro na mito wanaishi wadudu wadogo sana, wasioonekana kwa macho. Mavi yao yanachanganyika na vumbi. IgE inayaona kama adui. Vivyo hivyo uchafu wa mende, kuvu ya ukuta wakati wa mvua, ao paka wa nyumba. Inajibandika juu ya seli fulani katika njia za pumzi, zinazoitwa seli za masti, na kungojea.

Siku vumbi ile inaporudi, IgE inaikamata, na seli inamwaga histamini na vitu vingine vikali. Kwa dakika chache tu misuli inakaza, makamasi yanajaa, njia inakuwa nyembamba. Hiyo ndiyo filimbi unayoisikia. Masaa machache nyuma, seli nyingine za damu zinafika na kuongeza uvimbe. Mtoto anaweza kucheka na kucheza asubuhi, kumbe ndani njia bado zimevimba.

Wazazi, shikeni neno hili: pompi ya salbutamoli inalegeza misuli, lakini haiponyeshi uvimbe. Kwa uvimbe munganga anaandika pompi nyingine, kama beklometazoni, ya kuvuta kila siku. Wengi wanaiacha wakisema: "Mutoto iko muzima sasa." Hapo ndipo shambulio la usiku linapata mlango. Usiiache bila kumuuliza munganga.

Na moshi je? Mji wetu ulizaliwa na shaba. Tanuru ilianza kuyeyusha mwaka 1911. Moshi wa viwanda, wa mbabula, wa takataka na wa sigara hauhitaji IgE. Wenyewe unaunguza njia za pumzi, na njia iliyokwisha kuvimba inafunga upesi zaidi. Tena si kila pumu inatoka kwa IgE. Lakini kila pumu inachukia moshi.

Kwa hiyo mbabula ibaki nje. Mashuka yafuliwe kila juma kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Katika kiangazi, pangusa nyumba kwa kitambaa chenye maji kuliko kufagia vumbi. Funika chakula, mende wakose cha kula. Na kama mtoto hawezi kumaliza maneno, mbavu zinaingia ndani, ao midomo inageuka rangi ya buluu, mpe pompi ya salbutamoli njiani na umpeleke hospitali mara moja. Usingoje kuche.

Vijana, msimcheke rafiki anayevuta pompi. Pumu haiambukizi, na si aibu.

Tuombee wagonjwa wetu, ndiyo. Lakini Luka aliyeandika Injili alikuwa mganga, na maombi hayakumzuia kazi yake. Anayemwombea mtoto akitupa pompi yake, anamtia hatarini. Na anayemwita nkambo mulozi juu ya filimbi ya kifua, anamhukumu mtu asiye na kosa. Adui alikuwa ndani ya godoro. Toa godoro juani, mpe mtoto dawa yake, na umsalimie nkambo kwa heshima.